Mbona Mahindi Yetu Hayamo? Wasomaji Wauliza Kuhusu Bakteria na Jeni za Nafaka

Toleo lililopita niligusia kwamba wako bakteria wa udongoni wanaotumiwa na watafiti kuingiza jeni mpya, yaani maagizo ya urithi, kwenye mahindi, mpunga na mtama. Barua zilizofuata zimenifurahisha sana. Zimetoka Kakuyuni, Gongoni, Marafa, Mambrui, mpaka Lamu. Nyingine zina hasira, na hasira hiyo naielewa, maana mkulima ana haki ya kujua kilichomo kwenye mbegu anayoitia ardhini. Kabla ya kushika chaki nilifanya kazi miaka kadhaa katika maabara moja Nairobi, tukikuza mimea ndani ya chupa, kwa hiyo baadhi ya majibu haya ni ya mambo niliyoyashika kwa mikono yangu. Barua nimezifupisha, lakini maana yake sikuigusa.

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Nalima mahindi na kunde hapa Kakuyuni. Umesema bakteria "huingiza jeni" ndani ya mmea. Kiumbe kisichoonekana kwa macho kinafanyaje kazi hiyo, na nani alikifundisha? – Mkulima, Kakuyuni

JIBU: Marahaba kaka. Hakufundishwa na mtu, na ndiyo sababu habari zake zinanivutia hadi leo. Anaitwa Agrobakteria. Makazi yake ni udongoni. Mmea uliojeruhiwa karibu na ardhi, kama vile mzabibu au mwaridi uliokwanguliwa na jembe, huweza kuota nundu kubwa pale alipoingilia. Mwaka 1907 Erwin Smith na Charles Townsend wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walionyesha kwamba nundu hiyo inaletwa na bakteria huyo. Baadaye wataalamu walikuja kusumbuliwa na jambo moja: hata ukiwaua bakteria wote, nundu inaendelea kukua. Basi kuna kitu walikwisha kukiacha ndani ya mmea.

Kitu chenyewe kilijulikana miaka ya sabini. Mwaka 1974 kundi la Jeff Schell na Marc Van Montagu katika mji wa Ghent, Ubelgiji, liligundua kwamba bakteria wanaoleta nundu wana duara kubwa la DNA, ule uzi unaobeba jeni, lililo kando na kromosomu yao. Duara hilo huitwa plasmidi. Asiye na plasmidi hiyo haleti nundu. Mwaka 1977 Mary-Dell Chilton na wenzake kule Seattle, Marekani, wakaonyesha kwamba kipande cha plasmidi ile kimo ndani ya DNA ya mmea wenyewe, kimeungwa humo na kinarithiwa kila seli inapogawanyika.

Kipande hicho kina jeni za homoni zinazofanya seli za mmea zigawanyike ovyo, na hiyo ndiyo nundu. Kina pia jeni zinazoiamuru seli itengeneze chakula ambacho mmea hauna kazi nacho, lakini bakteria huyo anakila. Ni mgeni anayemgeuza mwenyeji kuwa mpishi wake.

Watafiti waliziondoa jeni za nundu na za chakula, wakabakiza mipaka miwili ya kipande kile. Kila mpaka ni herufi 25 za DNA, basi. Bakteria hasomi kilichomo katikati. Protini zake hukata kwenye mpaka, huutoa uzi mmoja wa DNA, huuvisha protini nyingine za kuulinda njiani, kisha huupenyeza ndani ya seli ya mmea hadi kwenye kiini. Ukiweka jeni yako kati ya mipaka ile, ataibeba hiyo. Mwaka 1983 makundi matatu, moja la Ubelgiji na mawili ya Marekani, yalitangaza kwamba yamefaulu, kwenye tumbaku na jamaa zake. Miaka 30 baadaye, mwaka 2013, Van Montagu, Chilton na Robert Fraley walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi hiyo.

SWALI: Bi Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Lamu. Nimesoma kwamba tumbaku ilipata jeni mwaka 1983 lakini mpunga kwa njia hii ni 1994. Miaka kumi na moja walikuwa wakifanya nini? – Mwanafunzi, Lamu

JIBU: Swali lako ndilo lililonifanya nitenge ukurasa mzima, mwanangu.

Agrobakteria kwa kawaida yake hashambulii jamii ya nyasi, na mahindi, mpunga, ngano, shayiri, mtama na mawele yote ni jamii ya nyasi. Ukikata jani la tumbaku, seli zilizojeruhiwa hutoa kemikali, na moja kati ya hizo, iliyotambuliwa mwaka 1985, inaitwa asetosirinjoni. Bakteria akiinusa hiyo ndipo anapoziwasha jeni zake za kazi. Halafu seli zinazozunguka jeraha la tumbaku huanza kugawanyika ili kulifunga, na seli inayogawanyika ndiyo inayopokea DNA ngeni kwa urahisi. Kata jani la mhindi uone: kingo zinakauka, zinageuka kahawia, seli zinakufa, na kemikali ya kumwita bakteria ni haba. Isitoshe, mhindi mchanga una kemikali yake ya kujikinga inayozizima jeni hizohizo za bakteria. Watu wengi wa sayansi walishafunga mjadala wakisema mlango wa nafaka hauna ufunguo.

Jaribio lililonipendeza kuliko yote lilitoka Basel, Uswisi, mwaka 1987, kwa Nigel Grimsley, Barbara Hohn na wenzao, na lilitumia ugonjwa ambao wakulima wetu wanaujua vizuri sana: milia ya mahindi. Umeuona bila shaka, majani yana michirizi myembamba ya manjano kutoka shina hadi ncha, na mhindi ukiupata mapema hauzai kitu. Ni ugonjwa wa Afrika, unaletwa na virusi, na virusi hao hubebwa na vidudu vidogo virukavyo vinavyonyonya majani. Ukisaga jani gonjwa ukampaka mhindi mzima, haugui. Ukichukua DNA tupu ya virusi ukaipaka, vilevile haugui. Lazima kidudu kiwaingize.

Wale watafiti wakaiweka DNA ya virusi wa milia kati ya mipaka ya plasmidi, wakamtia Agrobakteria kwenye miche ya mahindi. Baada ya muda majani mapya yakatoka na milia. Hapakuwa na kidudu, hapakuwa na njia nyingine. Bakteria ndiye aliyeingiza. Virusi wakishaingia seli moja tu huzaana na kuenea mmea mzima, kwa hiyo hata kama bakteria alifaulu kwenye seli chache mno, ugonjwa ulimfichua. Ugonjwa wetu ndio uliotoa ushahidi, na mimi kila nikilieleza darasani nasimama kidogo hapo.

Kumbe shida haikuwa kuingia. Shida ilikuwa kwamba seli zile chache alizoingia hazikuwa seli zinazoweza kukua zikawa mmea kamili. Tumbaku unaweza kukata kipande cha jani, ukakipa homoni, kikachipua mche. Jani la mhindi lililokomaa halifanyi hivyo. Ikabidi kutafuta sehemu ya nafaka iliyo changa, inayogawanyika, na yenye uwezo wa kuzaa mche mpya.

Sehemu hiyo ni kiinitete kichanga, kile kijimbegu kilichomo ndani ya punje. Mwaka 1994 watafiti wa kampuni ya Japan Tobacco, wakiwemo Hiei na Komari, walieleza njia ya mpunga iliyofanya kazi vizuri, wakitumia tishu zilizotokana na kiinitete. Mwaka 1996 Ishida na wenzake wa kampuni hiyohiyo wakafanya mahindi: kati ya viinitete 100, kuanzia 5 hadi 30 vilitoa mimea yenye jeni mpya. Walisaidiwa na mambo mawili. La kwanza, kwa kuwa nafaka haitoi asetosirinjoni ya kutosha, waliimwaga wenyewe kwenye maji ya bakteria. La pili, walimwongezea bakteria nakala za jeni za kazi kutoka kwa ndugu yake mkali zaidi. Shayiri na ngano zikafuata mwaka 1997, na mtama mwaka 2000.

Sasa nikupeleke mezani, maana vitabu hupita haraka hapa. Unachuma gunzi siku kumi au kumi na mbili baada ya ndevu kupata chavua. Punje bado ni za maziwa. Unamenya maganda, unalitumbukiza gunzi zima kwenye maji ya klorini kuua ukungu, unalisuuza kwa maji safi yaliyochemshwa kwa mvuke wa nguvu. Kisha, ukiwa umekaa mbele ya feni inayovuma hewa iliyochujwa, unakata vichwa vya punje kwa wembe, safu moja baada ya nyingine. Unachovya ncha ya chuma chembamba upande wa chini wa punje, unakiinua kiinitete bila kukiminya. Ni cheupe, kina urefu wa milimita moja hadi mbili. Kikiwa kidogo kuliko hapo hufa, kikiwa kikubwa hukataa kutoa tishu laini na huchipua tu kama mbegu. Shingo inauma, macho yanachoka, na hakuna mashine iliyonisaidia.

Viinitete hulowekwa kwenye maji ya bakteria kwa dakika chache, kisha hulazwa juu ya chakula kilichogandishwa kama jeli ndani ya kisahani, upande mpana uliokuwa ukitazama wanga ukiwa juu, kwa sababu ndio unaozaa. Siku mbili tatu gizani. Hapo ndipo bakteria hufanya kazi yake. Baadaye unavihamishia kwenye chakula chenye dawa ya kumuua bakteria, pamoja na homoni inayoitwa 2,4-D, ileile inayouzwa madukani kuua magugu ya majani mapana, ila kwa kipimo kidogo mno. Kiinitete huanza kuota vidonge vya tishu ya manjano mpauko inayomeguka. Tishu hiyo tunaiita kalusi. Ukiiweka kwenye chakula chenye sumu ambayo seli zenye jeni mpya tu ndizo zinazoihimili, sehemu kubwa hugeuka kahawia na kufa, na hapa na pale hubaki kidoa kimoja hai kinachoendelea kunenepa. Kidoa hicho, baada ya wiki nyingi kwenye mwanga na bila 2,4-D, huchipua kijani. Kuanzia gunzi hadi mche ulio kwenye udongo ni miezi kadhaa.

SWALI: Nina watoto wadogo na hupika sima kila siku. Je, bakteria huyo anabaki kwenye unga? – Mama, Mambrui

JIBU: Habaki, dada. Anauawa maabarani kwa dawa siku chache baada ya kufanya kazi, na mmea unaochipua kutoka kwenye kalusi hupimwa kuhakikisha hayumo. Kisha mmea huo huzaa mbegu, mbegu zikapandwa tena na tena vizazi kadhaa kabla ya kufikiriwa kwa shamba. Kinachobaki ni kile kipande cha DNA kilichoungwa kwenye DNA ya mhindi. Hicho ndicho cha kuulizia: ni jeni gani, inatengeneza protini gani, na imepimwaje. Mtu akikuogopesha na bakteria huku hajakutajia jeni, mrudishe kwenye jeni.

SWALI: Nijibu bila kunificha kitu. Tumesikia jeni za nguruwe zinatiwa kwenye mahindi na mchele. Na hata kama si nguruwe, kuhamisha jeni kutoka kiumbe hiki kwenda kile si kuingilia maumbile ya Mwenyezi Mungu? – Mzee, Lamu

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Sitakuficha.

Hakuna mahindi, mpunga wala mtama uliopasishwa kwa chakula wenye jeni ya nguruwe. Uvumi huo nimeusikia Malindi, nimeusikia Mombasa, na haujawahi kuletwa na ushahidi. Mahindi yanayoitwa ya Bt yana jeni ya bakteria mwingine wa udongoni, inayotengeneza protini inayoua viwavi fulani wakila jani. Mchele wa njano, ule uliobuniwa na Ingo Potrykus na Peter Beyer na kutangazwa mwaka 2000 ili kuwapa watoto vitamini A, katika toleo lake la mwaka 2005 una jeni ya mhindi na jeni ya bakteria wa udongoni. Huo wa njano ulitengenezwa kwa Agrobakteria. Ufilipino waliuruhusu kulimwa mwaka 2021, kisha mahakama ya huko ikasimamisha mwaka 2024, na ubishi ungalipo.

Kuhusu maumbile, nikupe jambo moja la kweli ulipime mwenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Ghent na wenzao walichunguza viazi vitamu vinavyolimwa duniani, aina 291, na katika zote wakakuta vipande vya DNA ya Agrobakteria vimo ndani ya DNA ya kiazi. Havikutiwa na maabara. Bakteria alivitia mwenyewe, zamani sana, kabla ya mtu yeyote kujua DNA ni nini, na wazee wetu wakavilima na kuvila, wakatulisha sisi. Hilo halimaanishi kwamba kila jeni inayotiwa leo ni salama. Kila moja lazima ipimwe peke yake. Linaonyesha tu kwamba uhamisho wenyewe umekuwapo katika maumbile siku zote.

Hukumu ya halali na haramu ni ya masheikh, na ningependa sana waketi na wanasayansi uso kwa uso wapate habari sahihi kabla ya kutoa fatwa. Kazi yangu mimi ni kuhakikisha habari hizo hazina uongo ndani yake.

SWALI: Mahindi ya Bt yanayozungumzwa Kenya yalitengenezwa kwa bakteria huyo? – Msomaji, Gongoni

JIBU: Hapana. Aina iliyofanyiwa majaribio hapa nchini, MON810, ilitengenezwa kwa bunduki ya chembe. Vichembe vya metali kama dhahabu hupakwa DNA na kurushwa kwa kasi ndani ya tishu. Bunduki haichagui mmea, na hiyo ndiyo sifa yake. Ubaya wake ni kwamba huvunjavunja: mara nyingi jeni huingia nakala nyingi, nyingine zimekatika. Hata katika MON810 jeni iliyoingia imekatika upande mmoja, ingawa inafanya kazi. Bakteria kwa kawaida huingiza nakala moja au chache, zikiwa nzima mipaka kwa mipaka. Naye si mkamilifu, kwani wakati mwingine huvuta na kipande cha plasmidi kisichotakiwa, ndiyo maana kila mche huchunguzwa. Lakini ningepewa kuchagua, ningemchagua yeye.

SWALI: Bi Mwalimu, hapa Marafa tuna mahindi yetu ya mdzihana tuliyorithi kwa wazee. Maganda yanalifunika gunzi hadi ncha, tunayatundika darini juu ya moshi, na unga wake ni mtamu. Tuna mtama pia. Mbona hao wataalamu na bakteria wao hawashughuliki na mbegu hizi? Ni kwamba si bora? – Mkulima, Marafa

JIBU: Ni bora. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na hapa nitasema ninaloliamini kwa moyo wote.

Nilitaja kwamba kiinitete lazima kitoe kalusi laini, na kalusi ichipue mche. Uwezo huo haulingani katika mbegu zote. Zipo chache zinazoutoa kwa urahisi, na kwa kuwa zinatoa kwa urahisi, dunia nzima ikazishikilia. Mahindi yaliyofaulu mwaka 1996 ni ukoo wa mbegu unaoitwa A188, wa huko Marekani, ambao hakuna mkulima angeupanda kwa chakula. Shayiri ni Golden Promise, ngano ni Bobwhite. Zilichaguliwa kwa sababu zinavumilia kisahani, basi. Nafaka ya watu wa nchi kame ilichelewa: mtama, ambao asili yake ni Afrika na ambao bibi zetu waliusaga kabla ya mahindi kufika pwani hii, ulisubiri hadi mwaka 2000, na hata hapo waliofaulu walipata mimea kutoka viinitete 2 hivi katika kila 100.

Njia ya kawaida ni kuitia jeni kwenye mbegu rahisi, kisha kuizalisha na mbegu ya mkulima vizazi sita au zaidi, ukichagua kila mara, ili ibaki jeni moja tu juu ya mwili wa mbegu ya mkulima. Inawezekana, lakini ni miaka, na mabaki ya ile mbegu ngeni hung'ang'ania karibu na jeni. Mbegu isiyo na kampuni nyuma yake haipati mtu wa kuifanyia kazi hiyo. Kwa hiyo mdzihana hayumo kwenye orodha, na kutokuwamo kwake hakuhusiani kabisa na ubora wake shambani. Kunahusiana na tabia yake ndani ya chupa, na na nani aliyewahi kumjaribu.

Mwaka 2016 lilitokea jambo lililonipa matumaini. Watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ukimpa bakteria abebe pia jeni mbili za mhindi wenyewe zinazohusika na kuunda kiinitete na chipukizi, hata aina za mahindi zilizokataa kabisa huanza kutoa miche, na jeni hizo mbili huweza kuondolewa baada ya kazi. Njia za namna hiyo zimeshajaribiwa kwenye mtama na ngano. Baadhi ya njia hizi zina hatimiliki za kampuni, na mtafiti wa hapa lazima aombe ruhusa. Hilo nalo linafaa lisemwe wazi mbele ya wakulima.

Watu wa kuifanya kazi hii wapo. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina maabara ya kupandikiza jeni kwenye mimea, na watafiti wake wameshughulika na mahindi na mtama. Mihogo inayohimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia, iliyotengenezwa kwa Agrobakteria, ilijaribiwa katika mashamba yaliyodhibitiwa, pamoja na kituo cha Mtwapa, hapa hapa kaunti yetu ya Kilifi, na mamlaka ya usalama wa viumbe vilivyotiwa jeni mpya ikaipa kibali mwaka 2021. Basi muhogo wa pwani umefikiriwa. Ningependa kuona mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi akichukua gunzi la mdzihana kutoka shamba lako, kwa idhini yako, ajue kwanza linatoa kalusi ama halitoi. Kazi hiyo haihitaji jeni mpya yoyote, haivunji sheria yoyote, na gharama yake ni ndogo. Ikishajulikana, ninyi wenyewe mtakuwa na neno la kusema: mnataka jeni ipi, au hamtaki yoyote. Kwa sasa hata hamjaulizwa, na hilo linaniuma.

Kwa hiyo ombi langu kwako: usiiache mbegu hiyo. Ukiipoteza kwa kufuata mbegu za dukani msimu mmoja wa masika, hakuna maabara itakayoirudisha.

SWALI: Jirani akipanda mahindi yenye jeni mpya, yangu hayataharibika? Na sheria inasemaje? – Mkulima, karibu na mto Sabaki

JIBU: Sheria ya Kenya ya usalama wa viumbe vilivyotiwa jeni mpya ni ya mwaka 2009. Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini vyakula vitokanavyo na viumbe hivyo, Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku, na tangu hapo kesi zimekuwa zikienda na kurudi mahakamani. Kanuni za mwaka 2012 zinataka bidhaa yenye zaidi ya asilimia 1 ya viambato hivyo iandikwe hivyo kwenye paketi. Dai haki hiyo dukani.

Kuhusu shamba: mpunga na ngano hujichavusha zenyewe, hofu ni ndogo. Mtama huweza kuchanganyika na mtama mwitu unaoota kando ya njia, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuangaliwa kwa makini kuliko pengine pote. Mahindi huchavushwa na upepo. Chavua yake ni nzito, nyingi huanguka karibu na ilikotoka, lakini wazalishaji wa mbegu bado huacha mita 200 au zaidi kati ya aina na aina. Kwetu, mashamba yakiwa yamebanana kando ya mto, nafasi hiyo hakuna. Tumia muda: panda wiki tatu au nne kabla au baada ya jirani, ili ndevu za mahindi yako zisikutane na chavua yake. Zungumza naye mapema, kabla ya mvua, mkubaliane.

Kama mahindi yako ni meupe na ya jirani ni ya manjano, utaona mwenyewe kiasi cha mchanganyiko, kwa sababu punje iliyopata chavua ya manjano hutoka ya manjano kwenye gunzi jeupe. Hesabu punje hizo katika safu ya mpakani, kisha katikati ya shamba. Tofauti itakuonyesha upepo umefika wapi. Jeni isiyo na rangi haionekani hivyo, ila kwa Bt kuna vijiti vya kupima vinavyochovywa kwenye maji ya jani lililosagwa na kutoa mstari ndani ya dakika chache. Ushirika wa wakulima unaweza kununua kwa pamoja. Mbegu ya msimu ujao chagua kwenye magunzi ya katikati, na mahindi ya safu za mpakani uyapeleke jikoni.